Mtungi wa Malwa Kizimbani

Sogeeni, wanangu. Kuna mmoja wenu ameniuliza swali zuri sana: "Mjomba, mtu akimpiga mwenzake akiwa amelewa, mwenye kosa ni yeye au pombe?" Hongera, mwanangu! Swali hilo hata wanafunzi wa sheria pale Makerere hulikalia darasani. Basi nitawajibu kwa hadithi. Hadithi ni ya kutunga, ila sheria zilizomo ni sheria za Uganda kweli kweli.

Palikuwa na mtungi wa malwa hapa Kampala. Malwa mnaijua? Ni pombe ya ulezi. Watu huuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenye kilabu hupita na birika akiongeza maji ya moto. Povu linapanda, soga zinapanda.

Usiku mmoja zikapanda na hasira. Kijana wa bodaboda akanyakua stuli, akampiga nayo jirani yake juu ya nyusi. Damu ikamwagika! Jirani akashonwa hospitalini, na daktari akajaza fomu ya polisi namba 3, ile inayoeleza jeraha lilivyo.

Kulipokucha, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akamuuliza kijana: "Kwa nini?"

"Si mimi, ni mtungi."

Polisi wakamuuliza. "Si mimi, ni mtungi."

Akafikishwa mahakama ya Buganda Road, mbele ya hakimu. "Mheshimiwa, si mimi, ni mtungi."

Hakimu akasema, "Haya, mtungi na aje tumsikie."

Mtungi akaletwa, mrija ungali mdomoni. Akasema: "Mheshimiwa, mimi sina mkono wa kushika stuli. Sina miguu ya kumfuata mtu. Huyu alikuja mwenyewe, akakaa mwenyewe, akanyonya mwenyewe."

Hakimu akafungua Kanuni ya Adhabu. Humo imeandikwa kwamba ulevi, kwa kawaida, si kinga ya kosa. Mtungi akaruhusiwa kwenda zake.

"Na kama mtu alitiliwa pombe bila yeye kujua, Mjomba?"

Una akili wewe! Hilo sheria imeliwaza. Aliyeleweshwa na mwingine bila ridhaa yake, hata asijue anafanya nini, anaweza kuachiwa. Na pale ambapo kosa linahitaji nia, mahakama huuliza pia kama mlevi aliweza kuwa na nia hiyo. Kijana wetu hakutiliwa na mtu. Na stuli aliichagua.

"Atafungwa miaka mingapi?"

Inategemea jeraha. Shambulio la kawaida, kifungo hakizidi mwaka 1. Likiacha jeraha la mwili, hakizidi miaka 5. Madhara makubwa, kama kumtia mtu kilema, miaka 7. Hiyo ndiyo mipaka ya juu, na hakimu hupima chini yake. Tangu 2013 mahakama zina mwongozo wa kupima. Je, ni kosa lake la kwanza? Amekiri? Anajuta? Alitumia silaha? Nami napenda sana kwamba aliyeumizwa hasahauliki: Katiba ya 1995 inataka alipwe fidia ya kutosha, na inahimiza watu wapatanishwe. Yule jirani ana kovu juu ya jicho. Kwa siku kadhaa hakufungua kibanda chake, na watoto wake walikula nini?

Hakimu akasema: "Miaka 2. Na umlipe jirani yako fidia."

"Lakini Mjomba, alikuwa amekwisha kaa rumande katika gereza la Luzira miezi 5!"

Ewe mwanangu, umesikiliza vizuri! Kifungo ni kama maji ya mtungini: miezi ya rumande ni vikombe vilivyokwisha kuchotwa, na kilichochotwa hakichotwi tena. Katiba inataka miezi hiyo izingatiwe. Mwaka 2017 majaji wa Mahakama ya Juu walisema hesabu ifanywe kwa namba kamili, siyo kwa kukisia. Nani atanipigia hesabu? Miaka 2, toa miezi 5...

"Mwaka 1 na miezi 7!"

Ndiyo hiyo.

"Na akiona ameonewa?"

Ana siku 14 za kutoa taarifa kwamba anakata rufaa. Nayo taarifa iandikwe kwa jina lake mwenyewe, mtungi hayumo.