Kusuka Wavu wa Hesabu: Namna ya Kuharakisha Vielelezo Vikubwa vya Mwendo wa Maji

Mtaalamu wa haidroliki atakapo kujua mafuriko yatafika wapi, hutandaza wavu wa pembetatu juu ya ramani ya mto au pwani, kisha tarakilishi hukadiria kina na kasi ya maji katika kila pembetatu. Istilahi gridi haifai sana hapa, kwani huleta picha ya miraba iliyo sawa, ilhali kinachotakiwa ni kitu chenye macho makubwa baharini na macho madogo karibu na nchi kavu. Kiswahili kina wavu, jicho na fundo tangu zamani. Mvuvi ajuaye kwa nini jarife la papa lina macho makubwa kuliko wavu wa dagaa ameshaelewa nusu ya jambo lenyewe.

Mfano ulio wazi ni wa kusini mwa Louisiana, Marekani. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, wataalamu waliotumia programu ya ADCIRC walitayarisha wavu wenye mafundo zaidi ya milioni 2, ulioanzia magharibi ya Bahari ya Atlantiki, ukapita Ghuba ya Mexico, hadi kwenye vinamasi na mifereji ya jimbo hilo. Katika wavu wa namna hii, idadi ya pembetatu hukaribia mara mbili ya mafundo.

Pembetatu nzuri ni ile isiyo nyembamba mno. Boris Delaunay alieleza mwaka 1934 kanuni inayosaidia: duara lipitalo katika ncha tatu za pembetatu lisiwe na fundo jingine ndani yake. Mwaka 1981 Bowyer na Watson, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha jinsi ya kuusuka wavu huo kwa kutia fundo moja moja. Pembetatu ambazo duara zao zimelimeza fundo jipya hufutwa, na pengo lililobaki huunganishwa upya na fundo hilo.

Kufuta na kuunganisha si kazi nzito. Kazi ni kutafuta. Ikiwa kwa kila fundo pembetatu zote zilizokwisha kusukwa hukaguliwa, mafundo milioni 2 yatadai ukaguzi trilioni 4 hivi. Tarakilishi ikaguayo duara milioni 100 kwa sekunde itahitaji saa 11. Dawa yake ni mpangilio. Mafundo yakipangwa ili kila moja liwe jirani ya lililotangulia, kwa mfano kwa kuufuata mstari uliopindapinda ambao Hilbert aliubuni mwaka 1891, utafutaji huanzia pale ulipoishia na kufika kwa hatua chache. Hata hivyo, mpangilio mkali kupita kiasi huzaa pembetatu ndefu zinazovunjwa mara tu baada ya kusukwa. Kwa hiyo Amenta, Choi na Rote walipendekeza mwaka 2003 mafundo yagawiwe kwa bahati nasibu katika mafungu yanayokua maradufu, na ujirani uzingatiwe ndani ya kila fungu. Saa hizo huwa sekunde chache.

Haraka hiyo, lakini, isilimeze tuta. Tuta la kuzuia maji ni jembamba, na likiangukia katikati ya jicho, kimo chake hupotea. Kielelezo kitaonyesha maji yakivuka mahali yalipozuiwa. Hapana budi kilele cha tuta kiwe ukingo wa pembetatu. Hapa ndipo siku za wahandisi huishia: mistari ya wapimaji hukatana, hurudiwa, au huwa na nukta kila mita moja bila sababu. Nukta hizo huzaa macho madogo mno, na jicho moja dogo huchelewesha kielelezo kizima. Katika maji ya kina cha mita 10 wimbi huenda karibu mita 10 kwa sekunde. Katika programu nyingi hatua ya hesabu haiwezi kuzidi muda wa wimbi kulivuka jicho, yaani sekunde 5 kwa jicho la mita 50, na nusu sekunde kwa la mita 5. Kuzipunguza nukta kabla ya kusuka huokoa muda mara mbili. Na tuta jipya lijengwapo, hukatwa kipande kinacholizunguka tu, kikasukwa upya na kushonewa mahali pake, kama wavuvi wafanyavyo na wavu uliotatuka.