Taa za mkanda: piga hesabu ya umeme kwanza

Dari la jipsamu likishakamilika, mwenye nyumba humuuliza fundi jambo moja tu: tuweke taa za rangi gani? Rangi ina zamu yake. Kinachotangulia ni umeme utakaoziwasha, na hapo ndipo pesa nyingi zinapotea.

Mikanda ya LED inayouzwa Kariakoo kwa kawaida huja katika roli la mita 5. Soma lebo yake: utakuta volti, na mara nyingi wati kwa kila mita. Mkanda wa taa aina ya 2835, zikiwa 60 kwa mita, hula takriban wati 4.8 kwa mita. Wa aina ya 5050, idadi ikiwa hiyohiyo, hula wati 14.4. Roli zima la huu wa pili ni wati 72. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 6. Sasa mtu anaufunga kwenye adapta ya ampea 2 aliyoitoa kwenye king'amuzi kibovu! Adapta inachemka, taa zinawaka na kuzima, kisha lawama zinakwenda kwa mkanda. Ongeza akiba ya asilimia 20 juu ya wati zako: hapo wati 72 zinakuwa 86, hivyo nunua adapta ya wati 100.

Tatizo linalowasumbua mafundi zaidi ni mwisho wa mkanda kufifia. Shaba iliyolazwa ndani yake ni nyembamba, na volti hupungua kadiri umeme unavyosafiri. Kwenye mikanda ya rangi mchanganyiko, nyeupe ya mwanzoni ni safi, ya mwishoni imeingia wekundu. Sababu ni kwamba taa ya buluu na ya kijani huhitaji karibu volti 3 kila moja, nyekundu karibu 2 tu, kwa hiyo buluu na kijani huanza kuishiwa. Mkanda si feki. Vuta waya mnene kutoka kwenye adapta hadi ncha ya pili, uulishe pande zote mbili. Roli mbili usiziunge mkia kwa kichwa; kila moja ipate waya wake.

Kwa sebule kubwa mimi napendekeza volti 24 bila kusita. Kwa wati zilezile, mkondo unapungua nusu, na umeme unaopotea kwenye waya unabaki robo.

Wenye sola nao wawe makini. Betri ya volti 12 ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na ushee, na mkanda uliofungwa moja kwa moja huchemka na kufa mapema. Weka kifaa cha kudhibiti volti katikati. Ile mikanda inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 haifai mahali ambapo mkono wa mtoto unafika: ganda likichanika, anashika umeme wa ukutani.

Rangi sasa: kelvin 3000 kwa sebule na chumba cha kulala, 4000 kwa jikoni. Ile 6500 waachie wenye maduka.

Kabla ya kwenda dukani, pima kingo za dari kwa mita na uandike wati unazohitaji. Na mwambie fundi aiweke adapta mahali penye hewa, atakapoifikia siku ikiharibika bila kuvunja jipsamu.