Mkopo wa umma: Nani amefaidika, na ushahidi uko wapi?

MFANYABIASHARA mdogo anapopata mkopo wa serikali wenye masharti nafuu, mara nyingi huona kazi ngumu imekwisha. Amejaza fomu, amehojiwa, amesubiri kwa miezi, na sasa fedha ziko benki. Lakini katika mpango mmoja mkubwa nchini Marekani, hapo ndipo swali gumu linapoanza: fedha hizi zimemnufaisha mtu wa kipato gani?

Mpango huo ni Ruzuku ya Jumla ya Maendeleo ya Jamii. Sheria iliyouanzisha ilitiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi Agosti mwaka 1974, na msimamizi wake ni Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Serikali kuu hutoa fedha kwa miji na majimbo, nayo huzipeleka katika shughuli mbalimbali, ikiwamo mikopo na misaada kwa biashara ndogo. Angalau asilimia 70 ya fedha hizo, zikihesabiwa kwa kipindi cha mwaka mmoja hadi mitatu, sharti ziwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha wastani.

Maneno hayo yana kipimo chake. Anayehesabiwa ni mtu ambaye mapato ya familia yake hayazidi asilimia 80 ya kipato cha katikati cha eneo anamoishi, yaani kile ambacho nusu ya familia hupata zaidi ya hapo na nusu hupata pungufu. Kiwango hubadilika kulingana na ukubwa wa familia. Tuseme kipato cha katikati katika eneo fulani ni dola 90,000 kwa mwaka. Familia ya watu wanne inayopata dola 72,000 imo. Inayopata dola 75,000 haimo.

Njia tatu za kufuzu

Biashara ndogo inaweza kulitimiza sharti hilo kwa njia kuu tatu, na kila moja ina ushahidi wake.

Njia ya kwanza humtazama mwenye biashara. Kama biashara ina watu wasiozidi watano, mmiliki akiwa miongoni mwao, na familia ya mmiliki iko ndani ya kiwango, msaada huo unahesabika. Akishathibitishwa, anaweza kuendelea kuhesabiwa hivyo kwa hadi miaka mitatu bila kupimwa upya, hata kama biashara imeanza kumwendea vizuri.

Njia ya pili hutazama ajira. Angalau asilimia 51 ya nafasi za kudumu zilizoanzishwa au kuokolewa kwa mkopo ziwe za watu wa kipato hicho. Chukua mfano wa mwokaji mikate aliyekopa ili anunue tanuri kubwa na kuajiri watu wanne. Wawili kati ya wanne hawatoshi, kwa kuwa hiyo ni asilimia 50 tu, anahitaji watatu. Watu wawili wanaofanya kazi nusu siku huhesabiwa kuwa ajira moja kamili.

Njia ya tatu hutazama wateja. Duka la vyakula linalohudumia mtaa wa makazi ambao angalau asilimia 51 ya wakazi wake wana kipato hicho linaweza kufuzu kwa takwimu za mtaa. Hapo hakuna mteja anayeulizwa anapata kiasi gani.

Uchaguzi wa njia ni uamuzi wa mwanzo, wala si wa kusubiri mkaguzi afike. Mwanamke ambaye hana kipato chochote, lakini mumewe analipwa vizuri, anaweza kukwama katika njia ya kwanza kwa sababu kinachopimwa ni kipato cha familia. Akiajiri watu wanaostahili, biashara hiyo hiyo inaweza kupita kwa njia ya pili.

Siku ya kuajiri

Makosa mengi yanaweza kutokea katika njia ya ajira. Kipimo si mshahara ambao mfanyakazi atalipwa, bali ni kipato cha familia yake wakati anaajiriwa. Mtu aliyekuwa hana kazi, kisha akapewa mshahara mzuri, bado anahesabika. Huko ndiko kufanikiwa kwa mpango.

Kwa hiyo taarifa sharti zichukuliwe siku anapoajiriwa. Mfanyakazi anaweza kujaza fomu fupi inayoonyesha idadi ya watu katika familia na kiwango cha mapato, kisha akatia saini akijua kwamba maelezo yake yanaweza kuhakikiwa. Aidha, anayeishi katika eneo la sensa ambalo angalau asilimia 70 ya wakazi wana kipato cha chini au cha wastani anaweza kukubaliwa kwa anwani yake tu. Mwajiri anayengoja mwaka upite ndipo atafute fomu hizo atakuta mmoja ameacha kazi, mwingine amehama, na wa tatu hataki kueleza mambo ya nyumbani kwake.

Ushahidi ukikosekana, wizara inaweza kuutaka mji urejeshe fedha kutoka katika vyanzo vyake vingine. Ndiyo maana maofisa wa miji hudai makaratasi mapema. Wanachokilinda ni mfuko ambao mkopaji wa kesho atautegemea.

Hata hivyo, kipimo hiki kina upungufu. Familia iliyo katika asilimia 79 ya kipato cha katikati na ile iliyo katika asilimia 25 huhesabiwa sawa. Mji unaweza kutimiza sheria yote bila kuwafikia walio chini kabisa, hasa kwa kuwa mwenye kipato cha wastani ndiye mwenye vielelezo tayari.

Funzo kwa mikopo ya halmashauri

Nchini Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi na ikarejeshwa mwaka 2024. Mgawanyo huo hutazama jinsia, umri na ulemavu, ambavyo ni rahisi kuvithibitisha. Lakini kikundi cha wanawake wenye maduka makubwa na kile cha wauza mboga vyote ni vikundi vya wanawake.

Kipimo cha kipato kama cha Marekani ni kigumu pale ambapo wengi hawana hati za mishahara. Linaloweza kuigwa ni jambo dogo zaidi. Siku ya kutoa mkopo, kila mwanakikundi aandike ana watu wangapi nyumbani, anaingiza kiasi gani, na ameajiri nani. Baada ya mwaka, maswali hayo hayo yaulizwe tena. Kiwango cha marejesho peke yake kinaonyesha kama fedha zimerudi. Hakionyeshi kama kuna nyumba iliyoinuka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa fedha ya umma, daftari hilo linapaswa kuandika pia aliyefaidika.