Karafuu Maiti Si Karafuu



Mwezi uliopita nilikwenda Buguruni, Dar es Salaam, kumtazama shangazi yangu. Mzee mmoja jirani yake alikuwa na miche ishirini katika makopo, akaniambia, "Huu mdalasini, mwanangu. Mbegu yake imetoka Amani." Nilifurahi, maana wengi wetu twapenda kupanda mdalasini pamoja na mikarafuu. Lakini kabla ya kutoa fedha nilifikicha jani nikalinusa. Halikunuka mdalasini, lilinuka kafuri, ile ambayo wazee huiita karafuu maiti, nayo hutiwa katika maji ya kuoshea maiti.

Mzee yule hakunidanganya. Jina ndilo lililomdanganya yeye. Mkafuri na mdalasini ni miti ya jamaa moja, na majani yake yote yana mishipa mitatu mikubwa. Basi yafaa tujue wataalamu huutambuaje mti bila ya kutegemea jina la mdomoni.

Wao hukata tawi lenye majani na maua au matunda, wakalibana kati ya magazeti mpaka likauke, kisha wakalishikiza juu ya karatasi ngumu. Chini yake huandika nani alilikata, nambari yake, tarehe, mahali, urefu wa mti, harufu yake, na jina la wenyeji. Tawi likitunzwa hudumu zaidi ya miaka 200. Jina hubadilika, tawi halibadiliki. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mkafuri Laurus camphora. Mwaka 1825 Presl akauita Cinnamomum camphora. Na siku hizi wako wauitao Camphora officinarum. Majina matatu, na mti ni ule ule wa China, Taiwan na Japani.

Kwetu, kazi hii ilianza Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, wakati wa Wajerumani. Huko walijaribu miti mingi ya kigeni, na mkafuri mmojawapo. Mwaka 1950 hazina ile ya matawi makavu ilihamishiwa Nairobi, iliko mpaka leo. Mtaalamu wake, P. J. Greenway, alikuwa amekwisha toa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka 1937.

Na hasara yake si ndogo. Mwenye kupanda mkafuri akidhani ni mdalasini hungoja miaka miwili mitatu, kisha akabandua gome asilopata mnunuzi. Tena ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu. Huko Australia na Florida umekuwa mti msumbufu.

Shikeni alama hizi. Majani ya mdalasini aghalabu hukaa mawili mawili, yakielekeana. Ya mkafuri hukaa moja moja, kwa kupishana. Kisha fikicha, unuse.

Miche sikuinunua, lakini mzee alinipa mmoja bure. Tawi lake nimelikausha, nikaliandikia tarehe na mahali, nalo liko ofisini. Halina ua, kwa hiyo kwa mtaalamu halitoshi. Kwetu latosha kulinganisha. Mwanachama atakayeuziwa mche wa mdalasini na alete jani kwanza, kabla hajachimba shimo.

Katibu