Kabla ya Kununua Motokaa Iliyotumika

Motokaa iliyokwisha kutumiwa ni mali njema kwa mtu asiyeweza kununua mpya, na katika Kenya watu wa namna hiyo ndio wengi. Mkulima wa majani chai huko Kericho akipokea bonasi yake, au karani wa Nakuru akiisha kuweka akiba kwa miaka minne katika chama cha ushirika, mara nyingi jambo linalomjia moyoni ni gari. Fedha hizo hazikupatikana kwa siku moja, lakini zaweza kupotea kwa asubuhi moja. Tena anayezipoteza aghalabu si mtu mzembe. Aliitazama rangi, akaisikiliza injini, akayapiga magurudumu mateke kama tufanyavyo sote. Jambo ambalo hakulitazama ni kama yule aliyekuwa akimwuzia ndiye mwenye gari.

Kwa hiyo twaanza na karatasi kabla ya kufungua boneti. Injini mbovu hutengenezwa, ijapokuwa kwa gharama. Lakini hakuna fundi awezaye kulitengeneza gari la wizi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyo Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, yafuata kanuni ya zamani kwamba mtu hawezi kumpa mwingine haki asiyokuwa nayo mwenyewe. Kwa kawaida, basi, gari la wizi hurudi kwa mwenyewe, hata kama wewe ulilinunua kwa moyo safi na kwa bei ya haki. Nawe utabaki kumtafuta muuzaji ambaye simu yake haipatikani tena.

Magari ya Kenya huandikishwa na Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, ijulikanayo kama NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ukiwa na namba ya gari waweza kuomba, kwa njia ya mtandao wa serikali uitwao eCitizen, nakala ya kumbukumbu za gari hilo. Humo utaona jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, na mwaka gari lilipotengenezwa. Ada yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya gari lenyewe. Lakini iombe wewe, kwa mkono wako. Nakala aliyokuja nayo muuzaji mfukoni yaweza kuwa imebadilishwa, au imechapishwa miezi mingi iliyopita kabla gari halijawekwa rehani.

Chukua nakala hiyo uende nayo mpaka penye gari. Namba ya chesisi hupigwa katika chuma, mara nyingi ndani ya boneti upande wa nyuma, na katika magari mengine chini ya kiti cha mbele. Isome tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa chuma kimekwanguliwa, au kimechomelewa upya, au tarakimu moja imeinama na wenzake wamesimama wima, mshukuru muuzaji kwa muda wake uondoke. Usikae kusikiliza hadithi, maana hadithi huwa nzuri sana.

Liko pia jambo la deni. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huandikishwa mara nyingi kwa majina mawili, la mwenye gari na la benki, na ni lazima benki iliachilie kabla halijawa lako. Wako tena watu wanaokopa fedha kwa kuweka rehani kitabu cha gari. Tangu mwaka 2017 Kenya ina sheria ya dhamana za mali inayohamishika, pamoja na daftari la serikali ambamo madeni ya namna hiyo huandikwa, nalo laweza kupekuliwa. Mwenye deni asipolipa, mkopeshaji hulifuata gari popote lilipo, hata likiwa limesimama chini ya mwembe wako.

Muuzaji akikuambia, “Mzee, gari ni la shemeji yangu, yuko ng’ambo, mimi namsaidia tu,” mjibu kwa adabu kwamba utangoja shemeji arudi, au alete wakili mwenye hati ya uwakilishi iliyoandikwa kisheria. Jina lililo katika kumbukumbu za NTSA, jina lililo katika kitambulisho, na uso wa mtu aliye mbele yako, vyote vitatu sharti viwe vya mtu mmoja.

Wengi hupima umri wa gari kwa herufi za kibao cha namba. Kipimo hicho ni cha uongo. Kibao husema gari liliandikishwa lini Kenya, wala hakisemi lilitengenezwa lini. Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na kanuni ya viwango vya Kenya, KS 1515, huyaruhusu kuingia ikiwa hayajapita miaka minane tangu yaandikishwe mara ya kwanza. Gari lenye kibao kipya kabisa, basi, laweza kuwa na umri wa miaka saba.

Mita ya kilomita nayo hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama mpira wa kikanyagio cha breki, usukani, na kiti cha dereva. Ikiwa mita yasema kilomita elfu sitini, na mpira wa kikanyagio umelika mpaka chuma chaonekana, amini mpira.

Sasa mwite fundi, naye awe fundi wako, si yule aliyesimama karibu na muuzaji akitikisa kichwa kwa kukubali. Injini na iwe baridi mnapofika. Weka kiganja juu ya boneti. Muuzaji aliyeipasha moto mapema huenda anaficha jinsi inavyosumbua kuwaka asubuhi. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Usifungue rejeta iliyo moto. Gari likiwaka, simama nyuma utazame moshi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli inayopita kiasi. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikiisha kupata moto ni dalili ya maji kuingia mahali pasipostahili. Mvuke kidogo wakati wa baridi ya Limuru haudhuru kitu.

Matairi husema mengi. Yakiwa yamelika upande mmoja, huenda miguu ya gari haiko sawa, au gari lilipata kugongwa. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Uvute mkanda wa kiti mpaka mwisho; mstari wa matope uliokauka huonyesha kwamba gari lilipata kuzama katika mafuriko. Kwa wakulima wanaopenda Probox, nao ni wengi na wana sababu, mwambie fundi alale chini ya gari atazame springi na chesisi, kwa kuwa gari hilo hubebeshwa mizigo ambayo haikukusudiwa kwake.

Kisha uliendeshe, lipande kilima na kupita barabara ya mashimo. Achilia usukani kidogo mahali tambarare pasipo magari ili uone kama gari lavuta upande, na ulijaribu breki. Uliza pia kama vipuri vyapatikana katika soko lenu. Gari la fahari ambalo kila kijiti chake hutafutwa Nairobi katika barabara ya Kirinyaga litakuwa likikaa nyumbani kuliko kutembea.

Mkiisha kupatana bei, msipeane noti njiani. Lipa kwa benki, pasipo haraka, mkiwa na mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa, wenye namba za gari na majina yenu. Muuzaji ndiye aanzaye kuhamisha gari katika akaunti yake ya mtandao, nawe hukubali katika yako. Sheria ya Usalama Barabarani humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo zuia sehemu ya fedha mpaka jina lako lionekane, na jambo hilo liandikwe katika mkataba. Muuzaji mwaminifu naye ana faida hapo, maana hatapenda kuitwa polisi kwa ajali utakayoifanya wewe. Na kabla hujaliondoa gari hapo liliposimama, kata bima kwa jina lako mwenyewe. Usitegemee karatasi ya bima ya mwenye zamani iliyobandikwa kiooni, hata ikiwa imebakiza miezi sita.