Pareto, Mgeni wa Majabali Katika Vilima vya Nyamira

Wenyeji wa Kisii na Nyamira huitambua pareto kwa maua yake meupe yenye kitovu cha manjano, lakini anayetaka kuikuza aanze kwa kuyatazama majani. Ni ya kijivu kinachong'aa kama fedha, kwa kuwa yamevaa vinyweleo vyembamba vinavyopunguza ukali wa jua na upotevu wa maji. Asili ya pareto ni miteremko ya mawe ya Dalmatia, Kroatia, kando ya bahari ya Adriatiki. Iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920.

Mmea wa ukame unatafuta nini Kisii, ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka?

Unatafuta baridi. Pareto isipopata majuma kadhaa ya usiku wa baridi hujaa majani, ikanyima maua. Ndiyo maana hustawi kuanzia mita 1,700 hivi kwenda juu, kama Keroka na Kiabonyoru. Mvua nayo huivumilia kwa sababu ardhi ya huko ni ya miinuko na udongo wake mwekundu una kina. Maji hushuka, hayatuami. Yakituama, mizizi huoza, hivyo penye tambarare ni heri kuinua matuta.

Miche hutoka kitaluni, au shina kuukuu hung'olewa na kupasuliwa vipande vyenye mizizi. Njia hii ya pili ni bora kwa aliye na shina lizaalo sana, maana watoto humfuata mama. Mistari huachana sentimita 60, miche 30.

Sumu ya kuua wadudu ambayo pareto hukuzwa kwa ajili yake, pairethrini, haimo katika petali zinazosifiwa. Imejaa kwenye vijimbegu vya kitovuni. Huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, akaanguka upesi, kisha jua huivunjavunja. Udhaifu huo ndio uliowasukuma wanakemia kuiiga: mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, inayostahimili jua na ambayo baadaye ilitiwa kwenye vyandarua.

Kuchuma hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi, petali zikiwa zimetandaa kwa pembe mraba na shina na vijiua kadhaa vya kitovuni vimefunguka. Maua mabichi yakirundikwa huchacha, kwa hiyo huanikwa siku ileile; kilo nne hivi hubaki kilo moja. Mnunuzi hupima pairethrini pamoja na uzito, na hapo ndipo wenye pupa hujipunja: gunia la matumba yasiyofunguka huwa jepesi kwenye maabara.