Aliyeumwa na nyoka asifungwe mpira

Wapiga mbizi wa Watamu na Malindi wako wanaofunga vipimo vya kina mkononi kwa kamba ya mpira. Wana sababu. Mtu akizama mita 10, mgandamizo huwa mara 2 ya ule wa juu ya maji, na vazi lake nene husinyaa. Mkanda wa kawaida hulegea, lakini kamba ya mpira hujivuta ikabana palepale.

Huku Garsen na vijiji vya Mto Tana, mpira una kazi nyingine. Mchungaji au mkulima akiumwa na nyoka, jamaa hukata tyubu ya baiskeli na kuikaza juu ya jeraha, ili sumu isipande moyoni. Nia ni njema, madhara ni makubwa.

Damu huingia mkononi kwa mishipa yenye nguvu, na kurudi kwa mishipa laini. Mpira huiziba ile laini kwanza: damu inaingia, haitoki. Mkono ulioumwa huvimba, na kadiri unavyovimba ndivyo mpira unavyozidi kubana, hadi damu isiingie kabisa na nyama ianze kufa. Sumu ya bafe yenyewe huozesha nyama. Ukiifungia mahali pamoja, unaipa nafasi. Wako waliopona sumu wakapoteza mkono.

Basi, ndugu msomaji, ufanye nini? Mtulize mgonjwa, asitembee. Mvue upesi saa, pete, bangili na hirizi kabla mkono haujavimba. Uegemeze mkono kwenye kibao na kuufunga kwa leso bila kukaza, kama uliovunjika. Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa. Mpeleke mara moja hospitali, iwe Ngao, Hola au Malindi.

Ukikuta mpira umekwisha fungwa, usiufungue ghafla njiani. Sumu iliyokusanyika yaweza kuenea mwilini kwa mkupuo. Mwachie mhudumu wa afya.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa. Sisi tusiipuuze. Shambani vaa gambuti, usiku tembea na tochi, lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Wakati wa mafuriko, kama yale ya 1997 na 2023, zidisha tahadhari: nyoka naye hukimbilia pakavu, palepale tunapokimbilia sisi.